Kabureta imetoka, injekta zimeingia, na boti haitaki: soma dalili kabla ya kulaumu kompyuta

"Fundi, ile kompyuta tuliyofunga imekufa." Simu ya namna hii huja Jumamosi asubuhi, boti ikiwa imeshashushwa majini na wageni wamekaa na mishipi yao wanangoja. Nikifika natoa vitu viwili: geji ya presha ya petroli na mita ya umeme. Ni mara chache sana nimelazimika kutoa kitu cha tatu, na kompyuta iliyokufa kweli nimeiona mara moja tu. Hiyo moja ilikuwa imelala usiku mzima ndani ya ngama, pale chini kabisa ya boti maji yanapotuama.

Nazungumzia injini ya petroli ya ndani ninayokutana nayo zaidi: V8 ya GM ya lita 5.7, ile ya inchi za ujazo 350, iliyotengenezwa kwa kazi ya majini na MerCruiser, ikiwa na mguu wa Alpha One au Bravo nyuma, yaani sehemu yenye gia na propela. Pwani yetu boti nyingi zina mashine za nje au dizeli, kwa hiyo hizi V8 huja mkononi zikiwa kuukuu na zikiwa na kabureta. Mwenyewe anachoka nayo. Ukizima juani saa saba mchana, joto la injini linapanda hadi kwenye bakuli la kabureta, petroli inachemka, na baada ya dakika 20 unapiga starta hadi betri inaomba msamaha. Basi ananunua seti ya injekta inayokaa juu ya manifoldi ileile, mahali pa kabureta: kipepeo (mlango wa hewa unaofunguka ukisukuma mafuta), injekta nne na kompyuta, vyote pamoja.

Seti nyingi za aina hii zimebuniwa kwa ajili ya gari. Boti inatofautiana na gari kwa mambo matatu, na karibu kila ugonjwa ulio hapa chini unatoka kwenye mojawapo. Boti haina mteremko, inapanda mlima saa zote. Injini yake inaendeshwa ikiwa baridi kuliko ya gari. Na njia yake ya moshi ina maji.

Kabla ya kugusa chochote

Kabureta inaishi na presha ya psi 3 hadi 7. Seti hizi nyingi zinataka psi 58 hivi, yaani bar 4. Kiungo kilichokuwa kinatoa tone moja kwa saa sasa kitarusha ukungu wa petroli, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: unashuka kwenye ngama na kungoja cheche. Washa feni ya chumba cha injini dakika 4, kisha inama unuse mwenyewe. Pua ni kipimo kizuri kuliko feni.

Klipu za kukaza kwa bisibisi zilizotosha kwenye kabureta ziondoe kwenye upande wa presha kubwa. Mpira wa mafuta uwe wa majini, ulioandikwa SAE J1527 na daraja A1, na upande wa pampu kubwa uwe umeidhinishwa kwa presha hiyo. Pampu, alteneta na starta za gari zisiingie chumba cha injini ya petroli hata kama zinafanana sura na bei ni nusu. Za boti zimezibwa ili cheche ya ndani isiwashe mvuke wa nje. Na kile kichujio cha hewa cha gari kinachokuja na seti, kirudishe dukani. Boti inahitaji kichujio cha chuma cha kuzuia mwali, kwa sababu injini ikipiga kikohozi kupitia kipepeo, mwali unatoka pale juu.

Starta inazunguka, injini haiwaki

Fungua swichi bila kupiga starta, usikilize. Pampu inapaswa kunguruma kwa sekunde chache, kisha inyamaze. Ikiwa kimya kabisa, anza na fyuzi na rilei. Ikinguruma lakini geji haifiki presha iliyoandikwa na mtengenezaji, nenda sehemu inayofuata, ugonjwa wako ni wa mafuta.

Presha ipo na bado haiwaki? Tazama skrini ndogo ya seti huku mtu mwingine akipiga starta. Namba ya mizunguko ikibaki 0, kompyuta haijui kwamba injini inazunguka, na haitafungua injekta hata moja. Kwenye MerCruiser waya wa kijivu ndio unaobeba ishara ya mizunguko kwenda kwenye dashibodi. Fundi aliyeunga seti mara nyingi ameuchukua huo huo na kuunga kwa kusokota vidole na kufunga tepu. Chumvi inaingia chini ya tepu ndani ya msimu mmoja.

Mizunguko inaonekana, presha ipo, na bado hakuna kitu? Sasa pima volti. Weka ncha moja ya mita kwenye waya wa zambarau unaoleta umeme wa swichi, nyingine kwenye hasi ya betri, kisha piga starta. Chini ya volti 10 kompyuta nyingi huzimika na kuwaka upya, na kila ikiwaka upya inaanza hesabu mwanzo. Kabureta haikujali hilo. Ilikuwa inawaka hata kwa betri ya volti 9, kwa hiyo udhaifu wa nyaya ulikuwapo miaka mingi, tena ukiwa umejificha.

Mahali pa kuutafuta ni ile plagi ya mviringo inayounganisha nyaya za injini na za dashibodi. Ivute. Nimeziona pini zimekuwa kijani kama shaba ya mlango wa zamani, na volti 2 zinapotelea hapo hapo. Ukishasafisha usiishie hapo. Waya wa zambarau utumie kuamsha rilei tu, usiubebeshe mzigo. Umeme wenyewe wa kompyuta utoke moja kwa moja kwenye ncha za betri, chanya na hasi, kupitia fyuzi yake. Ukiunga kwenye bolti ya starta kwa sababu iko karibu, unaipa kompyuta makelele yote ya starta.

Asubuhi inakwenda vizuri, baada ya nusu saa inafifia

Hii ndiyo inayonipa kazi zaidi, na ndiyo inayolaumiwa sana kwa "programu mbaya". Boti inatoka mkondoni bila shida, inapita mwamba, nahodha anasukuma mkono wa mafuta, na muda si muda nguvu inapungua kama mtu anayebana mpira wa mafuta. Akirudisha mkono inapona. Akisukuma tena inafifia. Mara nyingi pampu nayo imebadilisha sauti, kutoka kunguruma hadi kulia kwa sauti nyembamba.

Sauti hiyo maana yake pampu inavuta mvuke. Pampu ya presha kubwa ni hodari wa kusukuma na dhaifu wa kuvuta. Kwenye gari inakaa ndani ya tangi, imezama kwenye petroli inayoipoza. Kwenye boti fundi ameifunga ukutani mwa chumba cha injini, juu kuliko tangi, mita 3 kutoka hapo, na anaitaka ivute. Ongeza joto la chumba kilichofunikwa, na petroli inageuka mvuke ndani ya mpira kabla haijafika.

Kipimo chake ni rahisi, kila mvuvi ana vifaa vyake. Chukua dumu la petroli la mashine ya nje, na mpira wake wenye pampu ya mkono. Liweke mahali pa wazi penye hewa, liunge kwenye mlango wa kuingilia wa pampu, upande wa presha ndogo tu, kisha ukaendeshe boti ileile mwendo uleule. Ikipona, pampu na kompyuta hazina kosa. Tatizo liko kati ya tangi na pampu.

Huko nyuma kuna washukiwa watatu. Wa kwanza ni valvu ndogo kwenye kiungo cha juu cha tangi, inayozuia petroli isijivute yenyewe mpira ukikatika. Ndani ina kigololi na springi, na uchafu ukikwama hapo njia inabaki nyembamba. Isafishe au nunua mpya. Usiitoe ukaacha wazi, kazi yake ni kuzuia tangi zima lisimwagike ndani ya boti. Wa pili ni kichujio cha kutenganisha maji, ambacho hakijabadilishwa tangu enzi za kabureta. Badilisha, na umwage cha zamani ndani ya chupa angavu uone maji yanavyolala chini. Wa tatu ni mpira wenyewe. Ule wa zamani huachia ngozi ya ndani, ngozi ikawa kama mlango unaofunga kila pampu ikivuta kwa nguvu. Kwa nje unaonekana mzima.

Dumu lisipoponya, tazama mafuta yanarudi wapi. Pampu nyingi za seti hizi husukuma lita 255 kwa saa. Boti ikienda mwendo wa kawaida injini inatumia labda 40. Zilizobaki zinazunguka na kurudi, kila mzunguko zikiwa na joto zaidi. Boti ya kabureta haina njia ya kurudishia mafuta kwenye tangi, kwa hiyo fundi huzirudisha kwenye mpira uleule wa kuvutia, umbali wa futi moja. Hapo amejenga jiko. Nimeshika mpira wa namna hiyo nikauachia haraka.

Dawa ninayoiamini ni kuacha pampu ya zamani ya kimitambo mahali pake ubavuni mwa injini. Hiyo inajua kuvuta, imefanya hivyo miaka 30. Iipe kazi ya kujaza kitangi kidogo cha kutenganisha mvuke, chenye kupozwa kwa maji ya bahari, kilichofungwa kwenye injini. Pampu kubwa ikae ndani ya kitangi hicho, na mafuta ya ziada yarudi humo humo. Boti za injekta za kiwandani nyingi hutumia wazo hilohilo. Kanuni za walinzi wa pwani wa Marekani zinataka pampu ya mafuta iwe imefungwa kwenye injini yenyewe au ndani ya inchi 12 kutoka kwenye injini, na ukizifuata hutajikuta na mita 3 za mpira wenye psi 58 zikipita chini ya miguu ya wageni.

Ukiiacha pampu ya kimitambo, usisahau ule mpira mdogo angavu uliokuwa ukitoka kwenye pampu kwenda kwenye kabureta. Watu huuziba kwa skrubu kwa kuwa kabureta haipo. Ukiwa na petroli ndani, ngozi ya pampu imepasuka. Uunge kwenye mdomo wa kipepeo kipya, juu, ili petroli ikivuja inyweke na injini badala ya kwenda kwenye ngama.

Moshi mweusi, plagi nyeusi, na oili inanuka petroli

Chomoa kijiti cha oili. Ikiwa imepanda juu ya alama na inanuka petroli, usiwashe tena injini hadi umwage. Oili iliyochanganyika na petroli haikingi beringi, na beringi za 350 hazina subira.

Sababu inayowapita wengi ni thamostati. Injini inayopozwa moja kwa moja na maji ya bahari hufungwa thamostati ya nyuzi 60 hadi 62 za Selsiasi, kwa sababu maji ya chumvi yakipata joto zaidi yanaacha magadi kwenye njia za ndani. Yenye mfumo uliofungwa wenye maji yake hufika nyuzi 71. Sasa kompyuta ya seti, ikiwa na mipangilio ya gari, huenda imeambiwa kwamba injini "imepata joto" ikifika 70 au zaidi. Yako haifiki huko milele. Kompyuta inaamini ni asubuhi ya baridi siku nzima, inaongeza mafuta ya kuamshia, na haianzi hata kusikiliza sensa ya oksijeni. Ingia kwenye mipangilio, shusha kiwango hicho chini ya joto la thamostati yako kwa nyuzi 5 hivi, na ufute nyongeza ya mafuta kuanzia hapo. Dakika 10 za kazi. Nimewahi kukuta injini imebadilishwa injekta mara mbili kwa ajili ya hilo.

Joto likiwa sawa, geukia sensa ya oksijeni. Hii ni kauri inayochemshwa na hita yake, na tone moja la maji baridi huipasua. Kwenye gari unaifunga popote kwenye bomba. Kwenye boti maji ya kupoza yanamwagwa ndani ya moshi kwenye kiwiko, kwa hiyo sensa lazima ikae kabla ya hapo, kwenye sehemu kavu, kichwa kikielekea chini kidogo ili maji yasituame ndani yake. Kwa kuwa manifoldi za moshi za boti zina ukuta wa maji pande zote, usitoboe. Kuna viwiko na vipande vya kati vilivyotengenezwa tayari na tundu la sensa, nunua hivyo. Hata hapo, injini ikinguruma mwendo wa chini moshi hurudi nyuma kidogo kila mapigo na kubeba unyevu. Mtu akibadilisha kemushafu akaweka ya gari la mashindano, inavuta maji juu kabisa, na sensa haimalizi wiki.

Ikifa kila mwezi, izime. Kompyuta za MEFI, zile za GM za injini za boti, ziliziendesha miaka mingi kwa jedwali la mafuta lililopangwa mapema tu, bila sensa ya oksijeni. Pima kwa sensa siku ya kurekebisha, hifadhi jedwali, kisha toa sensa na uzibe tundu. Utapoteza kujirekebisha, utapata usingizi.

Kuna mtego mmoja hapa. Sensa inapima oksijeni, haipimi petroli. Plagi moja ikiacha kuwasha, hewa ya silinda ile inatoka bila kuungua, sensa inaona oksijeni nyingi, na kompyuta inasema "mafuta hayatoshi" na kuongeza kwenye silinda zote nane. Ndiyo maana moshi mweusi pamoja na mtikisiko hunipeleka kwanza kwenye plagi, nyaya na kifuniko cha distribyuta, hata kama skrini inalalamika kinyume. Na usiiache ijifunze wakati huo. Kompyuta inayojifunza ikiwa na plagi mbovu hujifunza ugonjwa, na ukishabadilisha plagi inaendelea kuutibu. Futa mafunzo, anza upya.

Inazima ukigusa gia

Ikizima unapoingiza gia, angalia kwanza kebo ya mkono wa mafuta. Kebo ya boti ikiwa imekaza hata milimita 2, kipepeo hakirudi sifuri, kompyuta inaona asilimia 2 au 3 na kuamini kwamba nahodha ameshika mafuta. Haitoi hewa ya kusaidia mwendo wa chini. Fungua kebo kwenye kipepeo, washa injini bila kebo. Ikitulia, irekebishe kebo ndipo uiseti sensa ya kipepeo upya. Halafu pulizia kisafishaji kuzunguka sahani ya kuunganishia kipepeo na manifoldi, injini ikiwa baridi na feni ikiwaka. Mzunguko ukibadilika, inaiba hewa pale. Baada ya hapo weka mzunguko wa 650 hadi 700 gia ikiwa ndani.

Ikizima unapotoa gia, na mguu wako ni Alpha One, furahi, jibu unalo. Mguu huo una swichi ndogo kwenye bamba la kebo ya gia inayokata moto kwa nukta moja ili meno yaachiane. Kabureta haikujua lolote, mafuta yaliendelea kumiminika. Kompyuta mpya inaona mizunguko imepotea ghafla, inafunga injekta, na moto ukirudi mafuta hayapo. Mara nyingi kosa ni kebo ya chini ya gia iliyokauka, hivyo swichi inabanwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Badilisha kebo kwanza. Usiikate waya wa swichi kama wanavyoshauri wengine, utakuja kulipa kwa meno ya gia. Bravo haina swichi hiyo.

Haifiki mizunguko yake, au inagonga

Injini hii ikiwa wazi kabisa, yaani mkono wa mafuta umesukumwa hadi mwisho, boti ikiwa na mzigo wa kawaida, iwe kati ya 4,400 na 4,800 kwa dakika, kutegemea modeli. Ikiishia 3,900, tazama skrini: kipepeo kinafika asilimia 100? Mkono wa kebo wa kabureta ulikuwa na urefu wake, wa seti una wake, na mara nyingi unapata 80. Kikifika 100, tazama geji ya presha wakati huohuo. Ikishuka kutoka 58 hadi 45 ukiwa umesukuma, rudi kwenye habari za pampu. Haraka, kwa sababu boti iliyo wazi kabisa inataka mchanganyiko wa hewa 12.5 kwa petroli 1, na ukikauka hadi 14 chini ya mzigo usioisha, bastola zinatoboka.

Kugonga ukisukuma kunatokana mara nyingi na moto, yaani wakati wa cheche, kupangwa mara mbili. Moduli ya Thunderbolt, kifaa cha MerCruiser kinachoongoza cheche, tayari inasogeza moto mbele kadiri mizunguko inavyopanda. Ukiiruhusu na kompyuta ya seti isogeze, zinajumlishana. Chagua mmoja. Mimi kwenye boti naiachia Thunderbolt moto na kuipa kompyuta mafuta tu, angalau msimu wa kwanza.

Namba ya mizunguko inarukaruka

Nyaya za plagi za waya mtupu, zitoe uweke zenye ukinzani. Ishara ya mizunguko isilale sambamba na nyaya za plagi, ipitishe upande wa pili wa injini. Halafu pima alteneta ikiwa na mzigo wote, pampu, feni na redio: ikibaki chini ya volti 13.5 haitoshi, na saa tatu baadaye mtakuwa nje ya mwamba mkiwa na betri iliyolala na pampu ya umeme isiyosukuma kitu. Zamani mngerudi nyumbani kwa pampu ya kimitambo na kabureta. Kwa hiyo betri ya pili yenye swichi yake ifungwe siku ileile unayofunga injekta.